Homoni ya ukuaji ya binadamu haina umbo moja: je, kila umbo lina kazi yake?

Mwanafunzi_Baiokemia aliuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa baiokemia, na ninaomba msaada katika jambo ambalo limenikwamisha. Wiki iliyopita niliwasilisha darasani mada kuhusu homoni ya ukuaji. Nilieleza, kama vitabu vingi vinavyoeleza, kwamba ni protini yenye asidi amino 191 na uzito wa kilodaltoni 22 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), kwamba hutolewa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kwamba hulichochea ini litoe IGF-1, homoni inayofanana na insulini, ambayo hushiriki kwa kiasi kikubwa katika kurefusha mifupa. Kisha nikaongeza, kwa kujionyesha kidogo, kwamba lipo pia umbo la kilodaltoni 20, lipo la 17.5, na lipo jingine linalotoka kwenye kondo la nyuma la mama mjamzito.

Hapo ndipo mhadhiri aliponikamata. Aliniuliza: ikiwa tangu mwaka 1985 watoto wenye upungufu wa homoni hii wanadungwa umbo la 22 peke yake, lililotengenezwa maabara, nao wanarefuka vizuri, hayo mengine yapo kwa ajili ya nini? Nilijibu kwamba mwili hautengenezi kitu bure. Akatabasamu, akasema kwamba hilo ni imani na si ushahidi, na kwamba nirudi na jibu.

Nimesoma makala kadhaa tangu siku hiyo na nimezidi kuchanganyikiwa. Baadhi zinasema umbo la 20 ni bora kwa sababu halipandishi sukari, nyingine zinasema ni mabaki tu ya hitilafu ndogo ndani ya seli. Kuhusu la kondo nakuta maelezo mengi kuliko ninavyoweza kuyapanga. Na la 17.5 linatajwa karibu kila mara pamoja na ugonjwa. Naomba mwenye uelewa anisaidie kutofautisha kilichothibitishwa na kinachokisiwa.

Pipeti alijibu:

Ndugu mwanafunzi, usione haya kwamba ulikwama, maana hilo ni swali ambalo hata waliokaa maabara miaka mingi hulijibu kwa tahadhari. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba, kabla ya kuuliza kila umbo linafanya nini, uulize linatoka wapi. Maumbo haya hayana asili moja, na sehemu kubwa ya mkanganyiko ulioukuta katika makala inatokana na kuyaweka yote kapu moja.

Kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 17 kuna jeni tano zilizopangana mfululizo, zinazofanana mno kiasi kwamba ni dhahiri zilitokana na jeni moja ya kale iliyojirudufu mara kadhaa. Ya kwanza, GH1, ndiyo inayosomwa na pituitari. Nne zinazofuata, yaani CSHL1, CSH1, GH2 na CSH2, husomwa na kondo la nyuma. Homoni ya ukuaji ya kondo ni zao la GH2, ilhali CSH1 na CSH2 hutoa laktojeni ya kondo, ambayo ni ndugu yake wa karibu. Kwa hiyo umbo la kondo lina jeni yake na swichi yake. Maumbo ya 22, 20 na 17.5, kwa upande wake, yote hutoka kwenye GH1 ile ile.

Yanatokaje matatu kwenye jeni moja? Chukua kalamu uifanye hesabu hii mwenyewe, kwa sababu ni hesabu inayopendeza. GH1 ina ekzoni tano, yaani vipande vyenye maagizo ya protini, vinavyotenganishwa na introni, vipande visivyo na maagizo hayo, na ekzoni ya tatu ndiyo inayobeba maagizo ya asidi amino ya 32 hadi ya 71. Jeni ikishanakiliwa kuwa RNA, introni hukatwa na ekzoni huungwa. Mara nyingi mashine ya ukataji huutambua mwanzo halisi wa ekzoni ya tatu, na hapo hupatikana protini kamili ya 22. Mara chache huuruka mwanzo huo na kushika alama nyingine inayofanana nao, iliyo herufi 45 mbele. Herufi 45 ni asidi amino 15 kamili, kwa hiyo usomaji haupotezi hatua: protini inakosa kipande cha 32 hadi 46 tu na kubaki na asidi amino 176. Hilo ndilo umbo la 20. Ekzoni nzima ya tatu ikirukwa, zinakosekana herufi 120, ambazo ni asidi amino 40, na kinachobaki ni protini ya asidi amino 151, yaani umbo la 17.5. Kama 45 na 120 zisingegawanyika kwa 3, tusingekuwa na mjadala huu, kwa sababu maagizo yote yanayofuata yangevurugika.

Sasa umbo la 20. Lilielezwa na kundi la Lewis mwaka 1978, na huchukua takribani asilimia 5 hadi 10 ya homoni iliyomo kwenye pituitari. Jambo ambalo mimi hulipa uzito kuliko yote ni kwamba hupanda na kushuka damuni pamoja na lile la 22, katika mawimbi yale yale. Hutengenezwa ndani ya seli zile zile, na mwili haujaonekana kuwa na bomba la pekee la kulifungulia. Ujumbe ambao hautumwi peke yake hata siku moja ni vigumu kudai kwamba una maana yake peke yake. Sisemi kwamba haiwezekani, nasema kwamba mzigo wa ushahidi uko kwa anayedai.

Mhadhiri wako pia amekupa nusu ya jaribio kubwa bila kukuambia nusu ya pili. Kuanzia mwaka 1958, Raben alipotangaza tiba ya kwanza yenye mafanikio, hadi 1985, homoni ya kutibu watoto ilichujwa kutoka kwenye pituitari za maiti, na ndani yake kulikuwa na mchanganyiko wa maumbo. Mwaka 1985 iligunduliwa kwamba baadhi ya waliotibiwa hivyo walipata ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, matumizi yake yakasitishwa katika nchi nyingi, na homoni ya maabara, ambayo ni umbo la 22 peke yake, ikachukua nafasi. Watoto walikua kwa mchanganyiko, na wamekua kwa umbo moja. Kwa suala la urefu, hilo ni jibu zito kuliko majaribio mengi ya panya.

Nimetaja panya kwa makusudi, kwa kuwa ndiko mtego ulipo. Homoni ya ukuaji ya binadamu ina tabia ambayo ile ya ng'ombe haina: hushika pia kipokezi cha prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa (kipokezi ni protini ya seli inayopokea ujumbe wa homoni). Hufanya hivyo kwa msaada wa chembe ya zinki inayobanwa kati ya homoni na kipokezi, na kwa upande wa homoni zinki hiyo hushikiliwa na asidi amino ya 18, ya 21 na ya 174. Ukimdunga panya homoni ya binadamu na ukaona badiliko fulani, huna budi kujiuliza kama umeona kazi ya kipokezi cha ukuaji au cha prolaktini. Umbo la 20 hukishika kipokezi cha prolaktini kwa nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo tofauti kati yake na la 22 ndani ya panya zinaweza kutoka huko kabisa. Yako majaribio ya panya yaliyoonyesha kwamba umbo la 20 hukuza mwili na kuyeyusha mafuta sawasawa na la 22, huku likisumbua sukari na kuzuia maji mwilini kwa kiasi kidogo. Ni matokeo ya kweli. Kuyahamishia kwa binadamu na kuliita umbo hilo bora, hapo ndipo mimi huweka pipeti mezani.

Daktari_Uzazi alijibu:

Nakubaliana na Pipeti kuhusu umbo la 20, ila naomba mwanafunzi asije akarudi darasani na jibu kwamba maumbo mengine yote hayana kazi. La kondo ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndilo lenye ushahidi ulio wazi kuliko yote.

Tazama kinachotokea kwa mama mjamzito. Katika wiki za mwanzo damu yake huwa na homoni ya pituitari kama kawaida, inayokuja kwa mawimbi, hasa usiku. Kadiri wiki zinavyosonga, ile ya kondo huanza kupanda, na mimba inapokuwa nusu ya safari huwa imeshatawala. Kuelekea kujifungua, ya pituitari huwa karibu haionekani kabisa kwenye vipimo. Si kwamba tezi imeugua. Imenyamazishwa, kwa sababu homoni ya kondo imeinua IGF-1 ya mama na ubongo unaona kazi imeshafanyika. Kondo likitoka, homoni hiyo hutoweka damuni upesi sana.

Badiliko la pili ni la mdundo. Homoni ya pituitari huja kwa mawimbi na kupumzika katikati, lakini ya kondo hutiririka mfululizo, usiku na mchana. Wanaofahamu namna ini linavyoitikia homoni hii wanajua kwamba mdundo ni sehemu ya ujumbe: kiasi kile kile kikija kwa mawimbi na kikija kwa mtiririko hakileti matokeo yale yale.

Tofauti ya protini zenyewe ni ndogo, asidi amino 13 tu kati ya 191, lakini angalia zilipo. Pipeti ametaja nafasi ya 18 na ya 21, zinazoshika zinki. Katika homoni ya pituitari nafasi zote mbili zina histidini. Katika ya kondo, ya 18 ni arijinini na ya 21 ni tirosini. Vishikio viwili vya zinki vimeondolewa, na ndiyo maana homoni ya kondo hukishika kipokezi cha ukuaji barabara na cha prolaktini kwa udhaifu. Tofauti nyingine, ya nafasi ya 140, imeweka asparajini mahali pa lisini na kuipa protini sehemu ya kubandikwa sukari, kwa hiyo baadhi yake huonekana kwenye jeli ya kupimia protini ikiwa na kilodaltoni 25 badala ya 22.

Kazi yake ni nini? Haionekani kwenye damu ya kijusi, kwa hiyo haimkuzi mtoto moja kwa moja, na kosa hilo nimelisikia mara nyingi mno. Humfanyia kazi mama. Huyeyusha mafuta yake na kuufanya mwili wake uwe mgumu kuiitikia insulini, ili yeye atumie mafuta na glukosi ibaki kwa ajili ya kondo na kijusi. Seli za kondo zilizooteshwa maabara hupunguza kuitoa zikipewa glukosi nyingi, jambo linaloendana na wazo hilo: mama akikaa na njaa, homoni hupanda na mafuta hutolewa. Katika mimba ambazo kijusi hakikui ipasavyo, kiwango chake kimeonekana kuwa chini. Na mwaka 2002 panya waliopandikizwa jeni ya GH2, wakawa na viwango kama vya mwisho wa mimba, walipata ukinzani mkali wa insulini. Kwenye misuli yao ilionekana kipande kimoja cha kimeng'enya cha PI3K, kinachoitwa p85, kimeongezeka na kuuziba ujumbe wa insulini.

Sitaki nikufiche upande wa pili. Panya wa kawaida hawana homoni hii. Jeni hii iko kwa nyani na binadamu tu, na laktojeni za panya zimetoka kwenye ukoo wa prolaktini. Ule mwili wa panya ulipewa kitu kigeni kwake. Isitoshe, wamewahi kupatikana akina mama ambao kondo zao zilikosa GH2 pamoja na jeni za laktojeni, na bado wakabeba mimba na kuzaa. Hilo halinifanyi niseme homoni haina kazi. Linanifanya niseme kwamba mimba ina njia zaidi ya moja ya kumgawia mtoto chakula, na moja ikikatika nyingine hubeba.

Mwanafunzi_Baiokemia aliandika:

Nawashukuru sana, Pipeti na Daktari. Hesabu ya 45 na 120 nimeifanya na imenifungua macho. Limebaki jambo moja linalonitatiza. Kama mashine ile ile hukosea kidogo ikatoa umbo la 20 lisilo na madhara, kwa nini la 17.5, ambalo nalo ni kosa la namna hiyo hiyo, huhusishwa na ugonjwa? Je, kila mmoja wetu halitengenezi kidogo?

Introni alijibu:

Ndiyo, kila mmoja wetu hulitengeneza kidogo, na kwa kiasi hicho seli hulimudu. Shida huanza kiasi kinapozidi.

Rudi kwenye ramani ya protini. Homoni kamili ina madaraja mawili ya salfa: moja linaunganisha sisteini ya 53 na ya 165, jingine linaunganisha ya 182 na ya 189. Umbo la 20 limepoteza kipande cha 32 hadi 46, kwa hiyo sisteini ya 53 ipo na daraja lake liko salama. Umbo la 17.5 limepoteza hadi ya 71, na sisteini ya 53 imekwenda nayo, hivyo ile ya 165 inabaki mjane, bila mwenza wa kuungana naye. Protini haikunjiki sawasawa. Inakwama ndani ya mtandao ambako protini hukunjwa kabla ya kutumwa, na badala ya kukaa kimya inavuruga hata utumaji wa umbo zima la 22.

Kuna familia ambazo mabadiliko ya herufi moja mwanzoni mwa introni ya tatu huifanya mashine ya ukataji iruke ekzoni ya tatu karibu kila mara katika nakala moja ya jeni. Huo ndio upungufu wa homoni ya ukuaji wa aina ya pili, na hurithiwa kwa namna tawala: nakala moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha. Linganisha na upungufu wa aina ya kwanza A, ambao jeni ya GH1 imefutika kabisa. Huko mzazi mwenye nakala moja iliyofutika hukua vizuri, kwa sababu nakala moja nzima inatosha mahitaji ya mwili. Mtoto huugua pale tu anapokosa zote mbili. Yaani kukosa nakala moja si tatizo, lakini kuwa na nakala moja inayotoa umbo la 17.5 ni tatizo. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa kuonyesha kwamba protini yenyewe inadhuru.

Panya waliobadilishwa ili watengeneze umbo hilo walionyesha, katika utafiti wa mwaka 2003, kwamba ukali hutegemea kiasi. Waliolitengeneza kwa wingi walipoteza vifuko vya kuhifadhia homoni, kisha seli zenyewe, na makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza mabaki, wakaivamia tezi. Baada ya hapo hata homoni nyingine za pituitari zikaanza kupungua. Hilo la mwisho lina uzito kliniki, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa wa aina hii huanza na upungufu wa homoni ya ukuaji peke yake, na baada ya miaka hupungukiwa na nyingine pia. Anayewahudumia hana budi kuendelea kuwapima, hata kama mtoto anarefuka vizuri kwa sindano. Mwaka 2008 watafiti walitumia vipande vidogo vya RNA kuinyamazisha RNA ya umbo la 17.5 tu ndani ya panya hao, na tezi ikaokolewa. Tiba ya namna hiyo bado haijafika kwa wagonjwa, ila kwa swali lako la kutofautisha kilichothibitishwa na kinachokisiwa, jaribio hilo lina thamani kubwa: ukikiondoa kitu kimoja na ugonjwa ukatulia, umekipata chanzo.

Mpimaji alijibu:

Nimefuata mjadala kwa makini na nataka kumpinga Pipeti kidogo, kwa heshima. Anasema umbo la 20 halina bomba lake, kwa hiyo ni vigumu kulipa kazi. Sawa. Lakini uthabiti huo huo wa uwiano umelipa kazi nje ya mwili, na mwanafunzi akiueleza darasani atapata maswali mazuri zaidi.

Mchezaji akijidunga homoni ya maabara, anaingiza umbo la 22 peke yake. Ubongo unaona homoni imetosha, pituitari inanyamaza, na umbo la 20 pamoja na mengine hushuka. Basi huhitaji kujua kiasi cha homoni, ambacho kwa mtu mzima mwenye afya hupanda na kushuka mara nyingi kwa siku. Unahitaji uwiano tu. Kundi la Ujerumani lililochapisha wazo hili mwaka 1999 lilitumia kingamwili mbili: moja inayoshika umbo la 22 kwa upendeleo, na nyingine inayoshika maumbo yote yanayotoka kwenye pituitari. Uwiano ukiinama kupita kiasi upande wa 22, homoni imetoka nje. Kipimo kilitumika kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004, na mchezaji wa kwanza kukamatwa nacho alipatikana mwaka 2010, katika raga ya Uingereza.

Kina udhaifu wake. Dirisha ni fupi, siku moja au mbili hivi baada ya sindano, kwa hiyo mwerevu husubiri. Hakimkamati anayetumia homoni iliyotoka kwenye pituitari za maiti, kwa kuwa ina mchanganyiko, wala anayetumia dawa za kuichochea pituitari yake mwenyewe. Ndiyo maana kufikia Olimpiki ya London mwaka 2012 kulikuwa na kipimo cha pili, kinachotazama IGF-1 na alama moja ya kolajeni, ambazo hubaki juu kwa siku nyingi zaidi. Na mwaka 2013 mahakama ya usuluhishi wa michezo ilimwachia huru mtelezaji wa theluji wa Estonia. Haikukataa sayansi ya uwiano. Ilisema mipaka ya kitakwimu ya kumtia mtu hatiani haikuthibitishwa vya kutosha. Mimi ambaye kazi yangu ni kuweka mipaka ya namna hiyo niliisoma hukumu ile kwa haya kidogo, kwa sababu hilo ndilo kosa tunalolifanya sana: tunaipenda kemia, tunaisahau takwimu.

Maumbo haya yana adhabu yake hata kwenye vipimo vya kawaida vya hospitali. Niliwahi kushuhudia sampuli moja ya mtoto, iliyogawanywa kwenye mirija miwili, ikipelekwa katika maabara mbili. Moja ilisema ana upungufu, nyingine ikasema hana. Hakuna aliyekosea kupima. Kingamwili za moja zilishika maumbo mengi, za nyingine zilichagua la 22, na kila moja ilikuwa na sampuli yake ya kulinganishia. Sasa inapendekezwa kwamba maabara zote zilinganishe na sampuli moja ya kimataifa, 98/574, ambayo ni umbo la 22 safi. Hiyo imepunguza tofauti bila kuziondoa. Ongeza na protini inayoibeba homoni hii damuni, ambayo ni kipande cha nje cha kipokezi kilichokatwa: hushika karibu nusu ya homoni, na inaweza kuzizuia baadhi ya kingamwili zisifike zinakotakiwa.

Pipeti alijibu:

Mpimaji, pingamizi lako nalipokea, ila naona tumekubaliana zaidi ya unavyodhani. Kipimo chako kinafanya kazi kwa sababu uwiano wa 20 na 22 haubadiliki sana kwa umri, jinsia wala saa ya siku. Kama mwili ungekuwa unalitumia umbo la 20 kutuma ujumbe wake, ungelipandisha na kulishusha peke yake, na wewe ungekosa kazi. Kilichokusaidia wewe ndicho kinachonitia mimi shaka.

Mwanafunzi, ukirudi kwa mhadhiri usimpe jibu moja. Mwambie kwamba umbo la kondo lina jeni yake, udhibiti wake na wakati wake, na dalili za kazi yake zinatoka pande kadhaa. Mwambie la 17.5 halijaonekana kuwa na kazi, ila limeonekana kuwa na madhara. La 20 ni homoni inayofanya kazi, lakini bado hatujaonyeshwa kazi ambayo la 22 haliwezi. Akikuuliza ni jaribio gani lingemaliza ubishi, mtajie mtu mwenye jeni ya GH1 inayotoa 22 peke yake tangu kuzaliwa, afuatiliwe hadi utu uzima. Waliodungwa umbo la 22 hawatoshi kabisa kwa hilo, kwa sababu hupewa sindano, nyingi zikiwa za mara moja kwa siku, wala hawapati mawimbi ya kawaida.

Daktari_Uzazi alijibu:

Naongeza moja tu, kwa kuwa Mpimaji amegusa vipimo. Wakati mwingine hunijia mjamzito mwenye uvimbe wa pituitari unaotoa homoni ya ukuaji kupita kiasi. Vipimo vingi haviwezi kuitofautisha homoni ya uvimbe na ile ya kondo, kwa hiyo namba inayorudi kutoka maabara hainiambii kitu hadi kipimo kiwe na kingamwili inayozitenganisha. IGF-1 nayo hupanda kwa mjamzito yeyote katika nusu ya pili ya mimba, hivyo haisaidii sana. Na kama alikuwa anatumia pegvisomanti, ambayo ni homoni ya ukuaji iliyobadilishwa ili izibe kipokezi, baadhi ya vipimo huihesabu dawa yenyewe kuwa ni homoni. Katika hali hiyo mimi hutazama uwezo wa kuona, kichwa kinachouma, sukari na shinikizo la damu, na kipimo cha homoni nakisubiri hadi wiki kadhaa baada ya kondo kutoka.